Svante Arrhenius na hesabu ya baze dhaifu

Kila mutu aliyewahi kushuka mu shimo anajua hii: maji ya shimo na nsinga ya umeme havikai pamoja. Ukisimama mu maji na kushika nsinga iliyochubuka, umeme hauchelewi. Lakini maji yale yale, yakichemshwa na mvuke wake ukikusanywa mpaka yawe safi kabisa, karibu hayapitishi umeme. Chumvi kavu nayo, vile iko mu kikombe pale jikoni, haipitishi. Changanya vile vitu viwili, maji safi na chumvi kavu, kila kimoja kikiwa kivivu peke yake, na umeme unapita mbio. Juu ya nini? Ile swali ilimuletea kijana mumoja wa Uswidi pointi mbaya ku mutihani mukubwa wa maisha yake. Nyuma yake ikamupa jina mu dunia nzima, na leo watoto wetu wa 6 ya scientifique wanahesabu kwa jibu lake, hata kama wengi hawajui alikuwa nani.

Jina lake ni Svante Arrhenius. Alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 ku Vik, karibu na muji wa Uppsala. Baba yake alikuwa mupimaji wa mashamba na muangalizi wa mali ya inivasite. Mu jamaa walisimulia kwamba mutoto alijifundisha kusoma akiwa na miaka 3 tu, na kwamba alipenda kukaa pembeni ya baba akitazama namna anajumlisha daftari za mashamba. Mimi hizi hadisi za watu wakubwa walipokuwa wadogo siziamini zote, lakini hii inafanana na mutu tunayemuona baadaye: maisha yake yote Arrhenius alipenda safu ndefu za namba sawa wengine wanavyopenda karata.

Alisoma Uppsala, shule ya sekondari na kisha inivasite pale pale. Walimu wake wa fizika na kemia hawakumufurahisha. Mwalimu wa kemia, Per Teodor Cleve, hakuwa mutu mudogo: mwaka 1879 alivumbua vitu viwili vya asili, holimiamu na tuliamu, ambavyo jina lake linafuatana navyo mpaka leo. Lakini Cleve alipenda kupima na kuchambua. Mawazo yasiyoshikika ku mukono hakuyapenda. Basi mwaka 1881 Arrhenius aliacha Uppsala, akaenda Stockholm kufanya kazi kwa profesa Erik Edlund, mutu wa fizika, ku Akademi ya Sayansi.

Kazi aliyojichagulia pale ilikuwa ya kuchosha. Unatia chumvi fulani mu maji, unapima umeme unapita kiasi gani. Unaongeza maji, unapima tena. Unaongeza maji tena, unapima tena. Kisha unachukua chumvi ingine, asidi ingine, baze ingine, unaanza upya. Majira ya baridi ya 1882 kuingia 1883 yakapita hivyo. Na mu daftari zake kitu cha ajabu kilikuwa kinarudi kila mara: kadiri alivyozidisha maji, ndivyo ile chumvi ilivyofanya kazi vizuri zaidi. Si kwamba umeme wote uliongezeka, hapana. Lakini ukigawanya umeme kwa kiasi cha chumvi kilichobaki mu kila lita, kila gramu ilikuwa inabeba mingi kuliko mbele. Ni sawa kundi la wachimbaji ambalo, ukilipunguza, kila mutu anatoa magunia mengi zaidi. Mukubwa wa kazi akiona vile atajiuliza: mbele walikuwa wanafanya nini hawa wengine?

Jibu la Arrhenius lilikuwa hili: mbele, wengi hawakuwa kazini. Mu maji kuna molekuli zinazobeba umeme na zingine zimekaa bure, na ukiongeza maji, za kukaa bure zinageuka za kazi. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimujia usiku wa tarehe 17 Mei 1883, na usingizi ukamukatalia mpaka alipomaliza hesabu yote.

Aliandika kitabu chake cha udaktari kwa Kifaransa, kurasa karibu 150, akakipeleka Uppsala mwaka 1884. Alipomueleza Cleve kwamba ameona namna mupya ya kueleza umeme ndani ya maji, Cleve alimujibu kwa heshima kwamba ni jambo la kupendeza, kisha akamuaga. Mazungumzo yakaisha pale. Watu wa fizika walisema hii ni kemia, watu wa kemia walisema hii ni fizika. Wakamupa pointi za chini kabisa kati ya zile zinazomwezesha mutu kupita. Alipojitetea mbele yao wakamuongeza kidogo. Alipita, ndiyo. Lakini kwa pointi kama zile mulango wa kufundisha inivasite ulikuwa umefungwa. Kijana wa miaka 25, diploma mukononi, kazi hakuna. Wazazi wanaosoma hapa Kalemie, na wale wa Manono na Kongolo, hawahitaji nieleze zaidi hiyo ni hali gani.

Arrhenius hakulia mbele ya mulango. Alituma kitabu chake kwa wataalamu wa inchi zingine. Kimoja kilifika Riga, mukononi mwa Wilhelm Ostwald, profesa kijana, wa miaka 30. Ostwald alisimulia baadaye kwamba siku ile moja alipata mambo matatu kwa pamoja: jino lililomuuma vibaya, mutoto mwanamuke aliyezaliwa nyumbani, na kitabu cha Arrhenius. Jino na mutoto alijua la kufanya. Kitabu kilimupokonya usingizi. Kwa sababu Ostwald mwenyewe alikuwa amepima miaka mingi nguvu ya asidi kwa njia ingine kabisa, kwa kuangalia zinavyoharakisha kazi ya dawa zingine. Sasa alichukua asidi zake, akazipima kwa umeme sawa Arrhenius anavyosema. Mufululizo ukatoka ule ule: asidi yenye nguvu kwake ndiyo ilipitisha umeme mingi, na dhaifu kwake ilipitisha kidogo.

Mwezi wa Agosti 1884 Ostwald alipanda meli, akafika Uppsala kumutafuta mwandishi. Mujini walishangaa: profesa wa inchi ya mbali anakuja kumutembelea mutu tuliyemupa pointi mbaya? Akamuita Riga, amupe kazi. Basi inivasite ya Uppsala ikajikuta imeaibika, ikamupa Arrhenius cheo cha ualimu mudogo. Riga hakwenda mara moja, juu baba yake alikuwa mugonjwa. Muzee alikufa mwaka 1885. Tangu 1886 Akademi ilimupa pesa za safari, na akazunguka: kwa Ostwald ku Riga, kwa Kohlrausch ku Würzburg, kwa Boltzmann ku Graz, kwa van 't Hoff ku Amsterdam. Ni mu ile safari wazo lake lilikomaa, na mwaka 1887 aliliandika wazi, bila kuficha ficha, mu gazeti jipya la Ostwald na van 't Hoff.

Alisema hivi. Chumvi ikiingia ndani ya maji, vipande vyake vinaachana vyenyewe, hata kabla ya kutia umeme. Kila kipande kinabeba umeme wake, kimoja wa kuongeza na kingine wa kupunguza. Vipande hivyo vinaitwa ioni.

Walimucheka. Chumvi ya jikoni imetengenezwa na sodiamu na klorini. Sodiamu ukiitupa mu maji inawaka moto. Klorini ni hewa inayoua. Namna gani mutu aseme kwamba vitu hivi viwili vinaogelea huru mu supu yetu ya samaki na sisi tunakula bila shida? Arrhenius alijibu kwamba ioni si kitu kile kile: sodiamu iliyobeba umeme si sodiamu ya chupa, tabia yake imebadilika yote. Mwenye telefoni mukononi anaweza kukubali kwa urahisi leo, sababu ndani ya batri ni ioni za litiamu, ile litiamu inayotafutwa sasa mu mawe ya Manono, zinazotoka upande mumoja kwenda mwingine kila unapochaji. Wakati ule ilikuwa kuamini kisichoonekana.

Sasa tufike ku baze, juu ndipo wazo lilipopimwa kweli.

Baze ni adui wa asidi. Mu lizini za Kolwezi na Tenke wanayeyusha jiwe kwa asidi, kisha wanatia chokaa au manyezia, ambazo ni baze, ili kuua asidi na kuangusha madini chini. Soda kaustiki ni baze kali: ukiitia mu maji, karibu yote inaachana, hakuna kinachobaki kizima. Amoniaki, ile hewa inayochoma pua ku choo kibaya na mu chupa za kusafishia vioo, nayo ni baze, lakini dhaifu. Kati ya molekuli nyingi za amoniaki ndani ya maji, chache tu zimegeuka ioni. Mu majedwali yake ya 1887 Arrhenius aliiweka karibu na moja kwa mia.

Lakini kusema moja kwa mia haitoshi, kwa sababu ile hesabu inabadilika ukiongeza maji. Ni hapo watoto wanapotea mu darasa, na hata baba yao akiwasaidia anapotea. Fikiri soko siku ya Jumamosi. Mabwana na mabibi wanafika wawili wawili. Mu msongamano wengine wanapotezana, wengine wanaonana tena. Kama soko ni dogo, mutu akipoteza mwenzake anamupata upesi, na ukiangalia saa yoyote wengi wako wawili wawili. Kama soko ni kubwa na watu ni wale wale, waliopotezana wanachelewa kuonana, na ukiangalia saa yoyote wengi wako peke yao. Kuongeza maji ni kupanua soko. Ndiyo sababu kila gramu ilikuwa inafanya kazi zaidi mu daftari za Arrhenius.

Kumbe kuna kitu kisichobadilika. Mwaka 1888 Ostwald alichukua wazo la rafiki yake akatoa kanuni yake. Unachukua kiasi cha kipande cha kwanza, unazidisha kwa kiasi cha kipande cha pili, unagawanya kwa kiasi cha zile ambazo bado nzima. Namba inayotoka inabaki ile ile, maji yawe mengi au kidogo, mradi joto lisibadilike. Mu shule wanaiita konstanti ya disosiasioni. Hapa niiite namba ya mutengano.

Tuhesabu, ni vizuri kuona kwa macho. Chukua lita moja yenye amoniaki gramu 1,7. Wakemia wanasema ni moli 0,1. Kwanza tunataka kujua amoniaki ingepitisha umeme kiasi gani kama ingeachana yote. Hilo halipimiki moja kwa moja, sababu haiachani yote kamwe. Hapo Kohlrausch alisaidia: alikuwa ameonyesha kwamba mu maji mengi kila ioni inabeba muzigo wake bila kujali mwenzake, kwa hiyo unaweza kuchukua muzigo wa kila moja ku chumvi zingine na kujumlisha. Kwa vipimo vya leo, ku joto la digrii 25, ioni ya amoniamu inabeba karibu 73 na ile ya hidroksidi 198. Pamoja ni 271. Sasa pima lita yako: inatoa karibu 3,6 tu. Gawanya 3,6 kwa 271: unapata 0,0133. Maana yake, kwa molekuli 1000, zilizogeuka ioni ni 13 na kidogo.

Mu lita yetu basi kuna moli 0,00133 ya amoniamu na 0,00133 ya hidroksidi, na amoniaki iliyobaki nzima ni 0,09867. Zidisha 0,00133 kwa 0,00133, gawanya kwa 0,09867. Inatoka 0,000018.

Sasa ongeza maji mara kumi, soko lipanuke. Moli ni 0,01 mu lita. Ukipima, zilizoachana si 13 tena kwa 1000, ni karibu 41 na nusu: mara tatu zaidi. Ioni za kila aina ni 0,000415, na nzima ni 0,009585. Zidisha, gawanya: 0,000018 tena.

Mutu wa hesabu akifika hapo anatulia kidogo kwenye kiti. Sehemu ya walioachana imebadilika mara tatu, namba ya mutengano haikusogea. Ni ya amoniaki, sawa alama ya kidole. Methilamini, ndugu yake amoniaki, ina namba kubwa mara zaidi ya ishirini, basi ni baze yenye nguvu zaidi, ingawa bado dhaifu mbele ya soda. Mwaka 1894 Georg Bredig, mwanafunzi wa Ostwald ku Leipzig, alichapisha namba za baze nyingi alizopima kwa njia hii ya umeme, na tangu pale baze mbili hazikulinganishwa tena kwa kuonja wala kwa kukisia.

Lazima niseme pia mahali hesabu iliposhindwa, juu waandishi wengi wanaruka hapo. Kwa chumvi ya jikoni na soda kaustiki kanuni ya Ostwald haikubali: namba haibaki ile ile. Maadui wa Arrhenius walishika kosa hilo kwa mikono miwili, na walikuwa na haki. Ilibidi kungoja mpaka 1923, Debye na Hückel walipoeleza kwamba vipande vya dawa kali, vikiwa vingi, vinavutana hata vikiwa vimeachana. Mwaka ule ule Brønsted na Lowry, kila mumoja mahali pake, walisahihisha jambo lingine: amoniaki haivunjiki yenyewe sawa Arrhenius alivyofikiri, bali inanyanganya kipande cha haidrojeni kwa maji, na maji ndiyo yanabaki hidroksidi. Hesabu haikubadilika, hadisi ya ndani ndiyo ilibadilika.

Na sisi hapa Kalemie, ile 0,000018 inatuhusu nini? Inatuhusu sababu ya ziwa. Maji ya Tanganyika si ya kati sawa maji ya mvua. Yako upande wa baze, pH yake ni karibu 9, kwa ajili ya kabonati na baikabonati zilizomo, nazo ni baze dhaifu. Sasa angalia. Amoniaki inayotoka ku vyoo, ku mataka ya samaki na ku mabaki ya baruti za nitrati ya amoniamu inakuwa na sura mbili ndani ya maji: amoniamu, ambayo samaki anaivumilia, na amoniaki huru, ambayo inamuharibu matamvua. Namba ya mutengano inasema mara moja ngapi ni ngapi. Gawanya 0,000018 kwa kiasi cha hidroksidi mu maji. Mu maji ya kati, hidroksidi ni 0,0000001: inatoka 180. Yaani kwa kila moja ya sumu kuna 180 zisizo na sumu kubwa. Mu maji ya pH 9, hidroksidi ni 0,00001: inatoka 1,8 tu. Zaidi ya moja kwa tatu ya yote ni amoniaki huru. Uchafu ule ule, kiasi kile kile, ukimwagwa mu kijito cha maji ya kati na ukimwagwa mu bwawa la samaki lililojazwa maji ya ziwa, haufanyi kazi moja. Mu ziwa lenyewe, lenye kina cha karibu metre 1470, uchafu unapotea mu maji mengi. Mu bwawa dogo au mu kona ya bandari iliyotulia, hapana. Mutu anayetaka kufuga samaki kwa maji ya ziwa apime hiyo kwanza, kabla ya kununua vifaranga.

Turudi kwa mutu wetu. Mwaka 1891, mwaka ambao kapiteni Jacques alianzisha boma la Albertville huku kwetu, Arrhenius alikataa uprofesa wa Giessen kule Ujerumani na akachukua ualimu ku shule kuu ya Stockholm. Uprofesa aliupata 1895, na hata pale wapinzani hawakukosa. Mwaka 1894 alimuoa Sofia Rudbeck, mwanafunzi wake. Mutoto mwanaume alizaliwa, Olof, na ndoa ikavunjika kabla ya miaka miwili kupita. Mu upweke ule, tangu Noeli ya 1894, alijitia mu hesabu ndefu kuliko zote za maisha yake. Alitaka kujua hewa ya kaboni, ile inayotoka ku makaa yanapowaka, inashika joto la dunia kiasi gani. Mwaka muzima wa kujumlisha kwa mukono. Mwaka 1896 alichapisha: hewa hiyo ikiongezeka mara mbili, dunia itapanda digrii 5 au 6. Wataalamu wa leo wanaipunguza, wengi wanasema karibu 3, lakini njia ilikuwa ya kweli. Jamaa za watu waliochimba makaa ya Lukuga, pale Makala, wajue kwamba moshi wa kazi ile ulikuwa umehesabiwa na mutu wa Stockholm mbele. Yeye mwenyewe hakuogopa. Alitoka inchi ya theluji, aliona kidogo cha joto kingewafaa, na alifikiri itachukua miaka maelfu.

Nobel ya kemia aliipata mwaka 1903, Muswidi wa kwanza kupata Nobel yoyote, na aliipata kwa ajili ya ile theori ya kuachana ndani ya maji, wazo lililozaa kitabu cha pointi mbaya. Tangu 1905 walimupa shirika lake mwenyewe, Institi ya Nobel ya kemia ya fizika, na mwaka ule ule alioa tena, Maria Johansson, akapata watoto wengine watatu.

Kuna kazi moja ya miaka ile ambayo ningependa ijulikane zaidi, sababu ndani yake amoniaki inarudi. Wachimbaji wanajua tetanosi, pepopunda: musumari au jiwe chafu, kidonda kidogo, kisha mwili unakaza. Vijidudu vya tetanosi vinatoa sumu zaidi ya moja, na moja kati yao inapasua chembe nyekundu za damu. Daktari Thorvald Madsen wa Copenhagen alikuwa anapima namna dawa ya kinga inavyoua sumu ile, na matokeo yalikuwa ya kuchanganya: ukitia dawa nusu, sumu haipungui nusu, mwisho mwisho inapungua polepole sana, haiishi kabisa. Ku Ujerumani Paul Ehrlich alieleza kwamba sumu si moja bali ni mchanganyiko wa sumu nyingi, kila moja na tabia yake. Arrhenius alikuja na wazo la mutu wa baze dhaifu. Amoniaki nayo inapasua chembe za damu. Basi Madsen na yeye walitia amoniaki mu damu na kuiua polepole kwa asidi ya boriki, ambayo ni asidi dhaifu. Musitari uliochorwa ulifanana na ule wa tetanosi. Dhaifu na dhaifu wakikutana hawaoani wote, siku zote wengine wanabaki huru, sawa mu soko letu. Hakukuwa na haja ya sumu kumi. Ehrlich alikasirika, ugomvi ukadumu miaka, na ukweli wa leo haumupi yeyote kati yao ushindi wote. Lakini kitabu cha Arrhenius cha 1907 kuhusu kemia ya kinga ndicho kilichotia lile jina mu vinywa vya wataalamu.

Alikuwa mutu munene, mwenye kucheka, mukarimu kwa vijana, na mwenye kinyongo kirefu kwa waliompinga. Walther Nernst, aliyekuwa rafiki yake wa ujana, aligombana naye, na Arrhenius, mwenye sauti kubwa mu mambo ya Nobel, alimuzuilia zawadi miaka mingi. Kijana aliyefungiwa mulango, alipokuwa mwenye funguo, aliwafungia wengine.

Na kuna kubaya zaidi, ambalo gazeti la huku haliwezi kuliruka. Arrhenius alikuwa mujumbe wa chama cha Uswidi cha usafi wa rangi za watu, kilichoanzishwa mwaka 1909, na alisaidia kuundwa kwa institi ya serikali ya biolojia ya rangi mwaka 1922, akakaa mu komite yake. Ilikuwa kazi ya kupima vichwa na kuwapanga watu mu madaraja. Mutu aliyekataa kusema kwamba chumvi ni nzima mpaka aipime, alikubali maneno makubwa juu ya binadamu bila kipimo cha maana. Inivasite nyingi za Ulaya za wakati ule zilikuwa hivyo, lakini wengine walikuwapo waliokataa, na yeye hakukataa.

Mu mwezi wa Septemba 1927 ugonjwa ulimushika ghafula. Alikufa Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akiwa na miaka 68. Walimuzika Uppsala, muji ule ule uliomupa pointi za chini.